Rangi Huchelewa: Kuuhukumu Mti Wenye Doa Katika Uchongaji wa Upinde

Upinde wangu wa tatu ulikatika mwezi Desemba, baada ya kuvutwa mara nyingi bila tatizo. Haukulalamika kwanza. Kwa kawaida upinde unaoelemewa hutoa mlio mdogo wa nyuzi zinazochanika, na mwenye masikio huacha kuvuta akauokoa. Huu ulisema "ta!" mara moja, nikabaki na vipande viwili vinavyoning'inia kwenye ugwe. Nilipotazama palipokatika sikuona vibanzi virefu vilivyochomoka kama meno ya chanuo. Niliona ukingo mfupi, mkavu, kama kopa la muhogo lililovunjwa kwa vidole. Mti ulikuwa mkole, na mgongo wake ulikuwa mweupe safi, hauna doa hata moja. Mwenzake niliyemkata siku ileile, mwenye mchirizi wa kijivu kama wino uliomwagika, nilikuwa nimemtupa nyuma ya banda kwa kuiogopa rangi yake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyaamini macho peke yake. Kila mchonga upinde hukutana na swali hili: mti una doa, mchirizi, weusi au weupe usiotarajiwa, utupwe au uchongwe? Wapo wanaotupa kila kipande chenye doa, na wapo wanaosema rangi si kitu. Wote wanakosea, kwa kuwa wanaiuliza rangi swali isiloweza kulijibu. Rangi yaweza kukuambia kwamba kuna jambo limetokea ndani ya mti, lakini haikuambii kama jambo hilo limegusa nguvu zake. Na lipo baya zaidi, ambalo nitalieleza kwa urefu: adui mkubwa wa upinde hufanya kazi yake kabla rangi haijageuka.

Tukumbuke kwanza upinde unaudai mti nini. Meza inaudai mti usimame, mlango unaudai usipinde. Upinde unaudai ukunjwe hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, urudi, kisha ukunjwe tena, maelfu ya mara. Upande unaotazama shabaha, yaani mgongo wa upinde, huvutwa kama kamba. Upande unaomtazama mpigaji, yaani tumbo, hubanwa. Udhaifu wa mgongoni hukata upinde ghafla. Udhaifu wa tumboni huufanya unywee: nyuzi hujikunja, mistari myembamba ya kukingama hujitokeza, na mkono mmoja wa upinde hulegea kuliko mwingine. Ndiyo maana doa lilelile hupewa hukumu mbili, kutegemea limekaa wapi.

Rangi zinazoonewa zaidi ni zile za mti wenyewe. Aliyewahi kukata mpingo anajua kwamba nje kuna mkanda mwembamba mweupe, na ndani kiini cheusi. Hakuna mchonga vinyago anayeudhani weusi ule kuwa ni ugonjwa. Weupe wa nje ndio uliokuwa ukipitisha maji na kuhifadhi chakula wakati mti uko hai; kiini ni sehemu iliyostaafu, ambayo mti umeijaza kemikali za kuwakimbiza wadudu na kuvu. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili unaweza kuwa mkali kiasi cha kumtisha mgeni.

Mti mashuhuri kuliko yote katika historia ya pinde za Ulaya, Taxus baccata, ambao Waingereza huuita yuu, ni wa namna hiyo: nje rangi ya maziwa, ndani wekundu wa matofali. Waingereza waliacha rangi zote mbili katika upinde mmoja kwa makusudi. Weupe waliuweka mgongoni kwa sababu unavumilia kuvutwa, kiini wakakiweka tumboni kwa sababu kinavumilia kubanwa. Manowari yao ya Mary Rose ilipozama mwaka 1545 ilikwenda chini na shehena ya pinde hizo, na ilipoinuliwa mwaka 1982 zilikuwa zimepatikana pinde nzima 137. Hata Ötzi, yule mtu aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na upinde wa mti huohuo wenye urefu wa mita 1.82, ambao hakuwahi kuumaliza.

Marekani ya Kaskazini kuna mti mwingine, Maclura pomifera, uitwao mchungwa wa Osage kwa jina la watu wa Osage, ingawa hauna udugu na machungwa. Ndugu zake ni mvule, mforosadi na mfenesi, na undugu huo unauona kwa macho: ukiupasua ni wa manjano kama mfenesi, kisha kwa miezi na miaka mwanga huugeuza kuwa wa kahawia, kama mvule unavyofanya. Mtu aliyenunua upinde wa manjano akaukuta umekuwa wa kahawia hudhani umeharibika. Akwangue kidogo tu, atakuta manjano palepale chini. Rangi ya jua haizidi unene wa ngozi, na nguvu ya mti haijui lolote kuhusu jua hilo.

Uonevu mkubwa zaidi ulioandikwa ni ule wa mti wa hikori. Nje ni mweupe, kiini chake ni chekundu, na kwa miaka mingi wanunuzi wa mipini ya shoka na nyundo huko Marekani walikuwa wakiutaka mweupe tu na kuukataa mwekundu. Vipimo vya watafiti wa misitu wa nchi hiyo vilipokuja kufanywa, ikaonekana kwamba hikori mweupe, mwekundu na wenye mchanganyiko, ukiwa na uzito sawa na usio na kasoro nyingine, una nguvu sawa. Mti mzuri mwingi ulikuwa umetupwa kwa sababu ya rangi ambayo haikuwa na kosa. Funzo lililobaki pale ni la uzito, na nitalirudia.

Madoa ya chuma nayapitia haraka. Weka msumari wenye kutu ndani ya kikombe cha chai ya rangi usiku kucha, asubuhi utakuta maji meusi. Tanini iliyomo kwenye chai imekutana na chuma. Miti mingi ina tanini, na panga, shoka, waya au bati lenye kutu likiugusa mti mbichi huacha doa la kijivu au la buluu iliyokolea. Doa hilo linatisha na halina madhara yoyote kwa upinde. Ukilipaka maji ya ndimu litafifia. Asidi oksaliki hulifuta kabisa, ila ni sumu na inataka glavu. Doa la kuvu halifutwi na ndimu namna hiyo, basi ndimu yenyewe ni kipimo.

Sasa tuingie kwenye viumbe hai, maana hapa ndipo hukumu inapokuwa ngumu.

Koga ya juujuu, ile ya kijani au nyeusi unayoifuta kwa kitambaa, haihesabiki. Lakini ipo kuvu inayoingia ndani na kuacha michirizi ya buluu na kijivu. Aliyenunua mbao za paini kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi amekutana nayo: ubao mweupe wenye kabari za buluu zinazoelekea katikati. Kuvu hiyo hula sukari na wanga uliobaki kwenye weupe wa mti, haili kuta za nyuzi zenyewe. Ndiyo maana fundi wa paa hukuambia mbao ya buluu haina neno, na kwa paa anasema kweli. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, imeandika kwamba mti wenye buluu nzito hupoteza kati ya asilimia 1 na 5 tu ya nguvu ya kupinda na kubanwa. Lakini ukakamavu wake, yaani uwezo wa kupokea kishindo bila kuvunjika, waweza kupungua kwa asilimia 15 hadi 30. Upinde unaishi kwa ukakamavu huo, basi fundi wa paa na mchonga upinde hawawezi kuupa ubao uleule hukumu moja.

Wachongaji wa yuu wamebishana sana kuhusu buluu, kwa kuwa weupe wa mti huo huipata upesi gogo likichelewa kupasuliwa. Msimamo wangu ni huu: buluu nyepesi kwenye upinde wa kuvutwa kwa nguvu ya wastani inavumilika, buluu nzito mgongoni mwa upinde mgumu haivumiliki. Na hata ile nyepesi ina habari moja ya kusikilizwa: mti huu ulikaa na unyevu mwingi kwa muda wa kutosha kuvu kuota. Kama kuvu inayokula sukari ilipata nafasi hiyo, inayokula mti wenyewe nayo ilikuwa na nafasi.

Kuvu hiyo ya pili ndiyo iliyokata upinde wangu. Uozo wa mti una sura mbili kuu. Aina moja hula selulosi, nyuzi zinazobeba mvuto, ikabakiza mabaki ya kahawia yanayopasuka vipande vya mraba kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Aina ya pili hula pia lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi na yenye rangi nyingi ya mti, kwa hiyo mti huwa mweupe zaidi kuliko kawaida. Nasisitiza: mweupe zaidi. Wengi wetu tumefundishwa kuogopa weusi, tukaupitisha mti uliopauka tukiusifu kwa usafi. Wakati mwingine uozo huo mweupe huacha mistari myeusi myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu ya ramani. Hiyo ni mipaka ambayo makundi ya kuvu hujengeana ndani ya mti. Wachonga bakuli na fanicha huutafuta mti huo kwa uzuri wake na kuulipia fedha nyingi. Kwa upinde ni mti wa kuni.

Lakini hayo yote ni uozo uliokwisha kuonekana. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mti ukiwa umepoteza asilimia 1 tu ya uzito wake kwa kuvu, ukakamavu unaweza kuwa umeshuka kwa asilimia 6, na katika mifano mingine umeshuka kwa zaidi ya asilimia 50. Uzito ukipungua kwa asilimia 10, karibu kila aina ya nguvu huwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Asilimia 1 ya uzito huwezi kuihisi mkononi. Huwezi kuiona. Randa itapita juu yake kama kawaida, na mafuta ya kumalizia yatang'aa vizuri. Wahenga wametuambia dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mti wa upinde, mvua hutangulia mawingu.

Kwa sababu hiyo nasema swali la kwanza la kumuuliza muuza mti, au la kujiuliza mwenyewe, si mti una rangi gani bali ulikaa wapi. Kuvu inahitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni mti wenyewe, na joto la pwani yetu huwapo mwaka mzima. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji na hewa. Pinde za Mary Rose zilidumu karne nne kwa sababu zilizikwa kwenye tope lisilo na hewa. Wenye viwanda vya mbao nao huhifadhi magogo ndani ya maji kwa sababu hiyohiyo. Kwa mchongaji wa kawaida njia ni kukausha. Mti ulio chini ya asilimia 20 ya unyevu hauozi. Mti ulio juu ya asilimia 30, ambapo kuta za nyuzi zimeshiba maji, ni karamu. Tena kuvu iliyokauka si lazima iwe imekufa. Inaweza kulala tu, na siku mti ukilowa ikaamka.

Watu wa Ziwa Eyasi hawahitaji kuelezwa haya. Wahadzabe, ambao kila mwanamume miongoni mwao hujichongea upinde wake, hutumia miti midogo ya jamii ya Grewia, ndugu wa mkole wa pwani, na miti mingine michache. Huambua gome, hunyoosha mti kwa moto, na nchi yenyewe ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Mti mwembamba, uliovuliwa gome, kwenye upepo mkavu, haupati nafasi ya kuoza. Mtu wa Tanga au Malindi anayekata mti uleule Februari, akauacha na gome lake sakafuni hadi masika yaishe, ameupikia kuvu. Gome huzuia maji yasitoke, na ardhi huyaongeza. Afadhali aupasue siku ileile, auambue au aupake gundi ya mbao kwenye ncha zote mbili usipasuke, kisha auinue juu ya ardhi kwenye kivuli chenye upepo.

Kama historia ya mti haijulikani, kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote, na kinataka kisu tu. Tafuta mahali utakapochonga na kupaondoa baadaye, karibu kabisa na doa. Chomeka ncha ya kisu kwa kukingama nyuzi, milimita mbili au tatu, kisha inua polepole kama mtu anayeng'oa mwiba. Tazama kwa makini. Mti mzima husita, nyuzi hupanda pamoja na kisu, kisha kibanzi hupasuka kwa mlio na kuchomoka mbali na ncha, kirefu, kikiwa bado kimeshikwa na mti upande mmoja. Mti uliooza hausiti. Huvunjika palepale juu ya kisu, pande zote mbili, ukabaki na kijishimo kifupi na vipande kama makombo, na hakuna sauti. Rudia kwenye mti ule usio na doa, umbali wa shubiri moja, ulinganishe. Ukirudia mara tano utaona tofauti hata kwa vidole.

Vipimo vingine vinasaidia kile cha kisu. Kata vipande viwili vya ukubwa mmoja kutoka ncha mbili, vikiwa vimekauka sawasawa, uvipime. Kilicho chepesi bila sababu kinashukiwa, na hapo ndipo lile funzo la hikori linapofaa. Vigonge kwenye saruji: kimoja hulia, kingine husema "du". Vinuse. Uchachu wa mti mbichi si neno, harufu ya uyoga ni neno. Matundu madogo yenye ukingo mweusi yametobolewa na wadudu wa mti mbichi, ambao huondoka mti ukikauka. Matundu yanayomwaga unga laini ni ya wadudu wa mti mkavu, na hao wangali kazini.

Baada ya vipimo inabaki ramani ya upinde. Mshikio haupindi, kwa hiyo doa la pale lisikukoseshe usingizi. Katikati ya kila mkono ndipo mzigo ulipo, na mgongoni pale sikubali doa lolote lililoshindwa kipimo cha kisu. Miti yenye pete za mwaka zilizo wazi, kama ule wa Osage, hukupa rehema: pete ya juu ikiwa na doa, unaichonga yote na kushuka kwenye pete inayofuata, mradi unene unatosha. Jicho la mti lenye kiini cheusi kilichooza unaweza kulichokoa na kuziba, ukiacha mti mzima kulizunguka uwe mpana kidogo. Tumboni nina huruma zaidi.

Na tumboni kuna mfano unaonifurahisha kila nikiukumbuka. Misonobari na jamaa zake inapoota kwa kuinama hujenga upande wa chini mti mzito, wenye wekundu wa kahawia, mgumu kubanwa lakini mwepesi kukatika ukivutwa. Seremala huukataa kwa sababu hupinda ukikauka. Wasami wa kaskazini ya Ulaya, na watu wa Siberia pia, waliutafuta mti huo hasa, wakauchonga kuwa tumbo la upinde, wakaubandika mgongo wa mti wa betula. Rangi ya kasoro ndiyo iliyowaonyesha mahali pa kukata.

Rangi ya moto ni ya aina yake. Wachongaji wengi hubanika tumbo la upinde juu ya makaa ili liwe gumu zaidi, na mti hugeuka kahawia. Ukifika rangi ya karanga iliyokaangwa, umefaulu. Ukiwa mweusi unaochafua kidole, ni mkaa huo, ukwanguliwe mpaka mti upatikane. Mgongo usiguswe na moto huo kamwe, kwa maana kinachoongeza uwezo wa kubanwa hupunguza uwezo wa kuvutwa.

Nilirudi nyuma ya banda wiki moja baada ya upinde wangu kukatika. Safari hii niliuliza swali la historia. Kipande kilichokatika kilikuwa kimelala chini na gome lake masika yote, mimi nikiwa safarini. Kile cha kijivu kilikuwa kimefungwa juu, chini ya ukingo wa paa, kwa waya wa zamani. Mchirizi ulianzia pale waya ulipopita, na waya ulikuwa umekula kutu. Nilipaka ndimu, nikangoja, kijivu kikafifia. Nilichomeka kisu karibu na doa, nikainua. Kibanzi kilisita, kikalia, kikachomoka na urefu wa kidole cha kati.